Msaada wa Maafa na Shamba la Mkulima: Funzo Kutoka Rubya



Swali moja hurudi kila tukutanapo matawini: tufani ikiilaza chini mikarafuu yetu, je, Serikali itatulipa? Wazee wetu hawakuwa na wa kumwuliza. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja ikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa kile, na Pemba ikasalimika. Aliyepoteza miti yake alipanda upya akangoja miaka saba au zaidi kabla ya kuchuma, na wengi waliingia katika madeni.

Leo sheria zipo na kamati zipo. Lakini zinampa nini mkulima? Yafaa tutazame yaliyowapata wenzetu wa bara.

Rubya iko wilaya ya Muleba, Mkoa wa Kagera. Huko mtu hukaa ndani ya kibanja chake: nyumba iko katikati, migomba imeizunguka, na mibuni imepandwa kati ya migomba. Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, tetemeko la ardhi la nguvu ya 5.9 liliutikisa mkoa ule. Watu wasiopungua 17 walikufa na nyumba nyingi zilianguka. Bukoba na Missenyi ndizo zilizoumia zaidi, na Muleba nayo iliguswa.

Michango ilitoka kila upande, ndani ya nchi na nje, ikapita katika kamati ya maafa ya mkoa. Watu waligawiwa chakula, mablanketi, mabati na saruji. Wengi walitazamia kwamba fedha nazo zitagawanywa nyumba kwa nyumba. Haikuwa hivyo. Mwezi wa Januari 2017 Rais Magufuli, akiwa Bukoba, aliwaambia wananchi waziwazi kuwa Serikali haitamjengea kila mtu nyumba yake; fedha zitatengeneza majengo ya umma, kama skuli za Ihungo na Nyakato. Maneno yale yaliwauma wengi, wala hatushangai, kwani aliyechanga alidhani anamchangia mwenye nyumba iliyoanguka. Hata hivyo skuli nazo zilikuwa zimebomoka.

Sasa tazameni jambo hili. Tetemeko haliung'oi mgomba kama liangushavyo ukuta wa tofali, kwa hivyo shamba halikuonekana kuwa limepata hasara. Lakini asiye na mshahara alijenga kwa nini, kama si kwa ndizi na kahawa? Fedha ambazo zingenunua samadi au miche ziliingia ukutani.

Tena kibanja cha Muleba kilikuwa kimekwisha pigwa zamani. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba uligunduliwa wilayani humo, na dawa yake hakuna ila kung'oa shina lililougua, kulifukia na kusafisha panga kwa moto. Maafa ya namna hii hayana siku moja ya kuhesabiwa. Hayaangushi ukuta, wala hayaleti wageni wa kupiga picha. Sisi tunayajua: mkarafuu unaokufa ghafla, mmoja mwaka huu, mitatu mwaka ujao, nani huupigia mbiu?

Kwetu Zanzibar iko Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, iliyowekwa kwa Sheria Namba 1 ya 2015. Tufani ikipita, maofisa watauliza: ulikuwa na miti mingapi, mikubwa mingapi, midogo mingapi, na nani anashuhudia? Anayejibu kwa kukisia hana hoja.

Basi kila mwanachama ahesabu miti yake kabla ya masika. Andika mipaka ya shamba, idadi ya mikarafuu, mwaka uliopandwa kwa inayojulikana, na pishi ulizochuma msimu uliopita. Jirani wawili watie saini, sheha naye aone. Andika nakala mbili: moja ikae nyumbani, ya pili ipeleke kwa ndugu anayekaa mbali na shamba, maana tufani ikiing'oa paa haitaacha karatasi zilizo chini yake. Mti ukifa, andika siku hiyo hiyo.