SOMO: Daftari moja kubwa au madaftari matatu?

Tuseme kliniki ina daftari moja la chanjo. Mtoto akichanjwa mara 5, jina lake na bloku yake huandikwa mara 5. Familia ikihama, mstari mmoja hurekebishwa, minne husahauliwa. Mhudumu wa afya humtafuta mtoto kwenye bloku ya zamani, na dozi ya pili ya surua humpita.

Dawa yake ni kuligawa:

1. Familia: namba ya familia, bloku.
2. Watoto: namba ya mtoto, jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya familia.
3. Chanjo: namba ya mtoto, aina ya chanjo, tarehe.

Namba ndizo zinazounganisha madaftari. Bloku huandikwa mahali pamoja tu, na hurekebishwa hapo hapo.

Mzazi, ukihama toa taarifa kliniki. Kadi ya mtoto yenye namba usiipoteze.