Je, Yafaa Kuvuta Motokaa Nyuma ya Gari-Nyumba?

Bwana mmoja aliyesoma katika shule hii zamani, ambaye sasa afanya kazi Nairobi, amenunua gari-nyumba, yaani gari kubwa lenye vitanda, jiko na tangi la maji ndani yake. Mwezi wa Desemba ataka kwenda nalo kwao Busia akae majuma matatu, na kabla ya kurudi avuke mpaka aende Tororo kuwaamkia wakwe zake. Swali lake ni hili: je, avute motokaa yake ndogo nyuma ya gari-nyumba, ili akifika awe na gari la kutembelea? Ameongeza kwamba mama yake ni mzee, magoti yamsumbua, na mara mbili kila juma hana budi kupelekwa hospitali. Kwa hiyo swali si la anasa tupu. Tumeona vema kulijibu hapa, maana ndani yake mna fizikia na hesabu ambazo wanafunzi wetu wanazo tayari.

Kwanza tuone kwa nini mtu hufikiri jambo hili. Gari-nyumba likiwa barabarani ni gari, lakini likiisha kuegeshwa huwa nyumba. Kitanda kimetandikwa, vyombo vimetolewa, sufuria iko motoni. Sasa chumvi imekwisha. Ukitaka kwenda dukani yakupasa ufunge kila kabati, ukunje kila kiti, kisha uiendeshe nyumba nzima kufuata chumvi. Tena nyumba yenyewe ni ndefu na pana. Haiingii katika vichochoro vya sokoni Busia, wala haipiti chini ya miembe katika njia za mashambani. Ndiyo sababu huko Marekani, ambako magari haya ni mengi, ni jambo la kawaida kuona gari-nyumba likifuatwa na motokaa iliyofungwa nyuma, kama ng'ombe na ndama wake. Wamarekani wana hoja. Lakini hoja hiyo yapasa kupimwa kwa barabara yetu ya Kericho na Kisumu.

Watu wengi huuliza kwanza kama injini ina nguvu ya kuvuta. Hilo ni swali jepesi. Injini ikipungukiwa na nguvu utapanda mlima polepole, na walio nyuma watapiga honi, basi. Swali zito ni la kusimama, nalo halihitaji maneno mengi bali hesabu.

Tuseme gari-nyumba lina uzito wa kilo 3,500 pamoja na watu na mizigo, na motokaa ina kilo 1,200. Jumla ni kilo 4,700. Tuseme tena kwamba gari-nyumba peke yake, likienda kilomita 80 kwa saa juu ya lami kavu, breki zikiwa nzima, husimama katika mita 41 tangu mguu ulipokanyaga. Sasa funga motokaa nyuma, isiyo na breki yake inayofanya kazi. Nguvu ya breki ni ile ile, bali uzito wa kusimamishwa umeongezeka. Umbali huongezeka kwa kadiri ya uzito: 41 mara 4,700, gawanya kwa 3,500. Jibu ni mita 55. Zimeongezeka mita 14, nazo ni zaidi ya urefu wa basi. Usisahau kwamba kabla mguu haujagusa breki, sekunde moja ya kushtuka imekwisha kula mita 22 katika hali zote mbili.

Hapa mwanafunzi mwerevu atauliza: je, nikipunguza mwendo? Ameuliza vizuri, kwa kuwa nishati ya mwendo hufuata mraba wa spidi. Ukiwa na mzigo huo huo, ukienda kilomita 69 kwa saa badala ya 80, utasimama katika zile mita 41 za mwanzo. Ukienda 60 utasimama katika mita 31 hivi. Kwa hiyo mwenye kuvuta ambaye hakubali kupunguza spidi ni mtu aliyekataa dawa iliyo bure. Kidato cha Tatu na wahakikishe hesabu hizi wenyewe, wasituamini tu.

Katika mteremko mambo huwa mabaya zaidi. Kutoka Nairobi hata Busia ni zaidi ya kilomita 400, na njia hiyo si tambarare. Kutoka Mau Summit, ukipita Kericho, hata kufika nchi ya chini karibu na Kisumu, barabara hushuka zaidi ya mita 1,000. Kilo 1,200 zikishushwa mita 1,000 hutoa nishati ya kutosha kuchemsha lita 35 za maji baridi. Upepo na injini huchukua sehemu yake, lakini kinachobaki huingia katika breki za gari la mbele kama joto, juu ya joto la gari lenyewe. Breki iliyopata moto kupita kiasi haishiki. Katika barabara hiyo hiyo, kwenye njia panda ya Londiani, tarehe 30 Juni 2023, lori lilitoka katika njia yake likaparamia magari na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara, na watu zaidi ya 50 wakafa. Hatusemi kwamba gari-nyumba ni lori. Twasema kwamba watu wale wale wauza viazi na karoti wako kando ya barabara unayotaka kuteremka.

Sharti la kwanza, basi, ni kwamba motokaa inayovutwa iwe na breki inayofanya kazi pamoja na breki za gari la mbele. Wengine hudhani kwamba kwa kuwa motokaa ina breki zake, jambo limekwisha. Sivyo. Injini yake imezimwa, hakuna mtu wa kukanyaga pedali, na hata angekuwapo angeikuta pedali ngumu kama jiwe, kwa kuwa kile chombo kinachousaidia mguu hufanya kazi injini ikizunguka tu. Hapana budi kufungwa chombo maalumu cha kukanyaga pedali hiyo, pamoja na minyororo ya akiba na waya wa kufunga breki endapo chuma cha kuvutia kitakatika. Fundi wa kuchomelea vyuma kando ya barabara aweza kutengeneza chuma cha kuvutia kizuri sana kwa macho. Mimi nisingefunga hata mkokoteni kwa chuma hicho mpaka nione kimepimwa.

Jambo la pili ni giaboksi, na hapa ndipo wengi huharibikiwa. Motokaa ndogo zilizo nyingi katika nchi zetu zimekuja kutoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika, na nyingi ni za gia za kujiendesha. Giaboksi ya namna hiyo hulainishwa kwa mafuta yanayosukumwa na pampu, na pampu huzungushwa na injini. Ukiivuta motokaa magurudumu yote manne yakiwa chini na injini imezimwa, vyuma vya ndani huzunguka pasipo mafuta. Utafika Busia na motokaa inayong'aa ambayo haiwezi kwenda popote. Motokaa kama Toyota Vitz, ambayo kwa kawaida huendeshwa kwa magurudumu ya mbele, yafaa magurudumu hayo yainuliwe juu ya kitrela kidogo cha magurudumu mawili. Ile inayoendeshwa kwa magurudumu yote manne yafaa kupandishwa yote juu ya trela, ila kitabu cha gari kikiruhusu njia nyingine. Lakini trela nayo ina uzito wake, na ile jumla yetu ya kilo 4,700 yapanda tena. Tazama kitabu cha gari-nyumba uone uzito wa mwisho wa magari mawili kwa pamoja. Usimwulize aliyekuuzia, soma kitabu.

La tatu ni kurudi nyuma. Motokaa iliyofungwa kwa chuma, magurudumu yake yakiwa chini, hairudishwi nyuma. Magurudumu ya mbele hujipinda, na chuma huweza kuvunjika. Sasa jifikirie uko katika msafara wa malori unaoelekea mpakani, mbele matangi ya mafuta, nyuma matrela ya makontena, kulia pikipiki, kushoto mama na beseni la ndizi. Askari akuamuru urudi nyuma kidogo. Utashuka, ufungue pini, umtafute mtu wa kuendesha motokaa, na wote wakungoje wewe. Matuta ya barabarani nayo, kutoka Maseno hata Bumala, si haba, na kila tuta hupiga chuma cha kuvutia mara mbili: likipita gari la mbele, kisha likipita la nyuma.

Mpakani kwenyewe mambo yamekuwa mepesi kuliko zamani. Kituo cha pamoja cha Busia kilifunguliwa rasmi na marais wa Kenya na Uganda mwezi wa Februari 2018, na msafiri sasa hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja, katika upande ule anaoingia. Lakini motokaa yenye namba yake ni gari la pili hata kama limefungwa kamba. Lahitaji kitabu chake cha usajili, kibali chake cha kuingia kwa muda, na bima yake inayotambuliwa ng'ambo, kama Kadi ya Njano ya COMESA. Karatasi huwa mbili mbili.

Na ajabu ni hii: Busia ndiyo mahali ambapo swali letu lilipata jawabu lake zamani, tena bila chuma cha kuvutia. Kati ya lango la Kenya na lango la Uganda palikuwa na kipande cha njia ambacho abiria wa basi aliyeshuka upande mmoja alipaswa kukipita kwa miguu, mizigo kichwani. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wa hapo wakafunga mto wa kukalia nyuma ya baisikeli, wakawa wakinadi "boda, boda", maana yake toka mpaka huu hata mpaka ule. Wengine husema jambo hilo lilianzia Malaba. Tuwaachie wenyewe wa huko wabishane. Kutoka hapo jina likaenda Kampala, likahamia kwenye pikipiki, na leo lajulikana Afrika ya Mashariki yote. Hata leo pale Busia utawaona watu wenye ulemavu wa miguu wakipitisha bidhaa mpakani kwa baisikeli zao za magurudumu matatu, nao ni wachukuzi hodari. Yaani gari dogo la kumhudumia aliyefika kwa gari kubwa liko tayari langoni, nalo hulipwa kwa safari moja moja.

Kwa hiyo kwa chumvi, kwa gazeti na kwa kwenda Sio Port kula samaki, bwana wetu hana haja ya kuvuta kitu. Bali kwa mama yake sivyo. Mwanamke mzee mwenye magoti mabovu hapandishwi pikipiki, na mwanawe asijidanganye kwamba "ni karibu tu." Yeye ahitaji mlango unaofunguka, kiti na mkanda. Tuhesabu, basi. Majuma matatu, mara mbili kila juma, ni safari 6 za hospitali. Safari 6 aweza kukodi teksi, dereva mmoja yule yule aliyeagizwa mapema, amngoje mama mpaka atoke kwa daktari. Gharama yake haikaribii bei ya chuma kilichopimwa, kitrela, na chombo cha breki.

Tena iko njia iliyo bora kuliko zote, ambayo muulizaji hakuitaja. Mkewe ana leseni ya kuendesha, na mdogo wake pia. Mmoja wao na aiendeshe motokaa kwa magurudumu yake mwenyewe. Motokaa ndogo itatumia lita 30 hivi za petroli mpaka Busia. Itakuwa na breki zake, taa zake na mtu wa kuiangalia, na gari-nyumba likiharibika njiani iko ya kufuata fundi. Twamshauri afanye hivyo.

Kuvuta kwamfaa mtu wa namna nyingine: anayesafiri peke yake, au wawili ambao mmoja tu aendesha, na anayekaa miezi barabarani, juma moja Busia, juma moja Tororo, juma moja Mbale, kila mahali akiegesha mbali na mji. Huyo atatumia vyombo vyake mara nyingi, na gharama yake itakuwa na maana. Hata yeye na asipite kilomita 65 kwa saa, na kila kituo akizunguke kilichofungwa chote: pini, minyororo, taa, tairi, na kuvigusa vikombe vya magurudumu kwa mkono kuona kama vimepata moto. Kufuli la usukani liwe wazi, na breki ya mkono iwe imeachiwa. Wengi wameunguza tairi kwa kusahau hilo moja.

Imebaki safari ya Tororo. Gari-nyumba libaki Busia nyumbani, na motokaa ivuke peke yake. Safari si ndefu. Wakenya na Waganda huruhusiwa kuvuka kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014, lakini motokaa haina ruhusa hiyo, kwa hiyo karatasi zake ziandaliwe kabla ya siku ya safari. Ikiwa motokaa ni ya mdogo wake, achukue barua ya mwenye gari, imeandikwa namba ya usajili na tarehe za kwenda na kurudi. Na wakwe wakimwalika kuupanda Mwamba wa Tororo, motokaa itamngoja chini, kwa maana huko hupandwa kwa miguu na ngazi.