Mzee Kuwa Mzito wa Mwendo: Si Uzee Peke Yake

Mara nyingi watu husema juu ya mzee aliyekuwa hodari wa jembe ya kuwa miguu yake imekuwa mizito kwa sababu ya uzee. Neno hilo lina kweli, lakini si kweli yote.

Uzee wenyewe huja polepole. Tangu umri wa miaka 30 hivi misuli huanza kupungua kidogo kidogo, na baada ya miaka 60 hupungua upesi zaidi. Lakini mtu aliyepanda kilima bila taabu mwezi wa Januari, naye mwezi wa Aprili hawezi kufika sokoni, yafaa kushuku kwamba ana ugonjwa.

Sababu ni nyingi. Huenda amepungukiwa na damu kwa minyoo ya safura, au kwa kidonda cha tumbo kinachovuja damu bila yeye kujua. Huenda moyo umedhoofika: miguu huvimba, naye huhema alalapo chali. Huenda ni kisukari, chenye kiu nyingi na kukojoa mara kwa mara. Tena kuna ugonjwa ulioelezwa na daktari James Parkinson wa London mwaka 1817, ambao huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake. Chembe za ubongo zinazosaidia kuongoza mwendo hufa; hatua huwa fupi, na mara nyingi mkono hutetemeka ukiwa umetulia. Ugonjwa huo hauponi, lakini dawa zake hurudisha wepesi. Huzuni ya kufiwa nayo humlegeza mtu, na hata dawa anazomeza huweza kumlegeza.

Basi msimwite mzee mvivu, wala msiseme amerogwa. Mpelekeni hospitali pamoja na dawa zake zote, mkaeleze ulegevu ulianza lini. Upande mmoja wa mwili ukilegea ghafula, apelekwe saa ile ile.

Ama mzee asiye mgonjwa, asikalishwe kitini mchana kutwa. Shirika la Afya Duniani hushauri dakika 150 kwa juma, au zaidi, za kazi ya mwili ya kadiri, kama kutembea kwa haraka. Apewe pia maharagwe, mayai na maziwa. Kumnyang'anya mzee jembe lake kwa ajili ya heshima ni kumpunguzia nguvu alizobakiwa nazo.