Umeme Umo, Maji Yamo: Kwanza Uliza Mita Ina Watu Wangapi

Mdogo wangu wa Kirongwe, Mafia, nimekuelewa. Umepata kazi ya dukani Kariakoo, dalali kakutumia picha ya chumba cha Mbagala kwenye simu, na chini yake kaandika kwa herufi kubwa: UMEME NA MAJI NDANI YA KODI. Unataka kujua kama ulipie kabla mwingine hajakiwahi. Kwa upande wa maji, nakuunga mkono. Kwa upande wa umeme, tafuta chumba chenye mita yake ya LUKU.

Najua kwa nini maneno yale yanavutia. Ukishuka boti Nyamisati, gari linakufikisha Mbagala Rangi Tatu na begi lako, mshahara bado, na mtu anakwambia utoe hela mara moja usiulizwe tena. Lakini umeme wa bure Dar haupo. Upo umeme ambao hujaoneshwa hesabu yake.

Hesabu yenyewe ndiyo hii. TANESCO ina kundi la wateja wadogo wa majumbani linaloitwa D1. Humo, uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja, kabla ya kodi na tozo. Ukivuka hapo, kila uniti inayozidi ni 350. Sasa chukua nyumba ya vyumba sita, kila chumba kinatumia uniti 30 kwa taa, feni, simu na redio. Kila mmoja angekuwa na mita yake, angelipa 3,000. Wakikusanywa kwenye mita moja wanakuwa na uniti 180: 75 za kwanza ni 7,500, na 105 zilizobaki ni 36,750. Jumla 44,250, gawa kwa sita, kila mtu 7,375. Taa zile zile, feni ile ile, bei zaidi ya mara mbili! Na mita inayozidisha kila mwezi huhamishiwa kundi la T1, ambako uniti ni 292 tangu ya kwanza, sasa mgao wenu unafika 8,760.

Mwenye nyumba anaijua hesabu hiyo kuliko wewe. Anaiweka kwenye kodi, anaongeza na yake ya kujihami, kisha zinafuata sheria. Utaona karatasi ya daftari imebandikwa kwa selotepu pembeni ya mita: pasi Jumamosi tu, jiko la umeme marufuku, mwenye friji aonane na mama mwenye nyumba. Wewe wa dukani, unayetakiwa kuvaa shati lililonyooka kila asubuhi, utaishije na pasi ya Jumamosi? (Pasi ya mkaa ipo, najua, lakini kwa bei ya mkaa wa Dar, tuyaache.)

Ukipata chumba chenye LUKU yake, omba namba ya mita kabla ya kulipia, ununue umeme wa elfu mbili tatu kwa simu yako. Isome risiti. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU, na tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida inakatwa 1,500 kwa mwezi. Nyumba iliyokaa tupu bila mtu kununua umeme hulimbikiza deni, na deni hilo litaanza kukatwa kwako. Kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba kisheria, si yako. Mwambie mapema kwamba utaitoa kwenye kodi ya chumba, na liandikwe kwenye mkataba. Atakunja uso. Mwache akunje.

Maji ni habari nyingine. Bili ya DAWASA ikigawanywa kwa nyumba nzima haiumi sana, na ugomvi wa nani kaoga mara ngapi unakwisha. Ila "maji yamo" haina maana kuwa yanatoka. Mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua, Dar iliingia kwenye mgao, na waliokuwa na maji ndani ya kodi walinunua madumu kama wengine. Uliza kama kuna simtanki, na bomba ni la DAWASA au kisima. Wewe umekulia kisiwani, maji ya chumvi unayajua kwa kuonja, basi onja hapo hapo. Yakiwa ya chumvi, ya kunywa na ya chai utanunua mwenyewe kila siku.

Dalali atataka kodi ya mwezi mmoja iwe yake, mbali na hela ya kukuzungusha. Hiyo ndiyo desturi ya mjini. Mwenye nyumba naye atataka miezi sita. Sheria ya zamani iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005, kwa hiyo ni mapatano yenu tu. Omba mitatu, wapo wanaokubali, hasa chumba kikiwa kimekaa wazi muda.

Na picha ya simu usiilipie. Una shangazi au binamu Mbagala, nani wa Mafia asiye naye? Mtume akakione chumba jioni, wapangaji wakiwa wamerudi, aulize jirani wa mlango wa pili: mwezi uliopita mmechanga ngapi za umeme?