Malaria ikipanda kichwani, panya anajua nini?

SWALI: Msomaji wa Buyenzi, Bujumbura, amesikia kwamba malaria inayopanda kichwani huchunguzwa kwa panya. Anauliza: ubongo wa panya utaeleza nini kuhusu mtoto?

JIBU: Mengi, ila si yote. Kimelea kinachotumika sana, Plasmodium berghei, ni cha jirani: Ignace Vincke na Marcel Lips walikipata Katanga mwaka 1948, katika damu ya panya wa porini.

Panya wa maabara akidungwa aina ya kimelea hicho iitwayo ANKA, siku za mwanzo huonekana mzima. Kuanzia siku ya 6 hivi manyoya yanasimama, anayumba, anashikwa na degedege, kisha anazimia. Ndani ya mishipa midogo ya ubongo hukutwa seli za kinga, hasa zile za CD8, zimejazana. Zikiondolewa mapema, panya wengi hunusurika. Askari wa mwili wenyewe ndio waliobomoa ukuta wa mishipa!

Kwa binadamu, chembe nyekundu zenye Plasmodium falciparum hunasa na kuziba mishipa hiyo. Kwa panya unasaji huo ni hafifu, na wataalamu hubishania sana hapo. Mwaka 2020, watafiti waliripoti seli za CD8 kwenye mishipa ya ubongo wa watoto waliofariki Malawi. Lakini kufubaza kinga kiholela ni hatari: jaribio la Thailand, 1982, lilionyesha deksamethasoni, dawa ya kufubaza kinga, ikirefusha muda wa kuzimia.

Kwa hiyo mtoto wa Buyenzi mwenye malaria hiyo bado anahitaji sindano ya artesuneti, hospitalini, mara moja.