Kalamu Hufunzwa kwa Kazi
Somo la kuandika, kwa wale waliokwisha kujua kusoma

Watu wengi hudhani ya kuwa mtu akiisha kujua herufi zote, amekwisha kujua kuandika. Sivyo. Ajuaye majina ya msumeno, randa na nyundo hajawa bado seremala. Meza ya kwanza atakayoitengeneza itayumba, na ya pili itayumba kidogo. Ndivyo ilivyo kazi ya kalamu. Hujifunzwa kwa kuifanya, na kwa kuirudia.

Tutazame mfano. Tuseme kijana mmoja anakaa Lubumbashi, naye huuza samaki ambao kaka yake humpelekea kutoka Kasenga, kando ya mto Luapula. Siku moja anamwandikia kaka yake hivi: «Feza ya samaki nilimupa Petro na Yosefu alikuja akasema atakuletea yote juma ijayo.»

Barua inafika. Kaka anaisoma mara tatu. Je, fedha iko kwa Petro peke yake, ama kwa wote wawili? Ni kiasi gani? Tena, «juma ijayo» ni juma gani, iwapo barua ilikaa njiani siku kumi? Baadaye Petro anafika na nusu ya fedha. Anaitwa mwizi mbele ya watu, na mkewe anainama kwa aibu. Kumbe Petro alipewa nusu tu. Nusu nyingine alikuwa nayo Yosefu. Hakuna aliyeiba. Barua ndiyo iliyogombanisha watu.

Kosa lilikuwa wapi? Mwandishi alisahau ya kuwa karatasi haina uso. Tukisema na mwenzetu, yeye asipoelewa hukunja kipaji, nasi tunarudia maneno. Lakini karatasi haiulizwi swali. Kwa hiyo yampasa mwandishi ajiulize mwenyewe, badala ya msomaji wake: Nani? Nini? Kiasi gani? Wapi? Lini? Kama kijana yule angalijiuliza hivyo, angaliandika: «Jumatatu, tarehe 3 Machi, nilimpa Petro franka 40,000. Hiyo ni nusu ya fedha ya samaki. Nusu ya pili nilimpa Yosefu. Wote wawili watafika Kasenga Jumamosi, tarehe 8 Machi.» Maneno ni mengi kidogo, lakini amani imebaki.

Mji wa Lubumbashi una mfano mwingine, mkubwa kuliko barua. Mji huo ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, na jina la Lubumbashi liliwekwa mwaka 1966. Katika mwaka 1965 mtu mmoja aliyeitwa André Yav aliandika habari za mji huo kwa Kiswahili, kwa ajili ya chama cha watu waliokuwa maboyi, yaani watumishi katika nyumba za Wazungu. Watu hao walikuwa wameona mengi katika kazi yao, na vitabu vya wakubwa havikuyaeleza kama wao walivyoyaona. Yav hakungoja mwenye elimu kubwa aje kuwaandikia. Alishika kazi mwenyewe, katika Kiswahili cha mji kama kinavyosemwa.

Baadaye maandiko hayo yakaja mikononi mwa mtaalamu Johannes Fabian, aliyepata kufundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi. Kuyasoma kwa macho tu hakukutosha, kwani mara nyingi maneno yalikuwa yameungana au yamekatwa mahali pasipo desturi. Ilibidi yasomwe kwa sauti. Mwenyeji wa Lubumbashi, Kalundi Mango, aliyasoma, na sikio likafahamu yale ambayo jicho halikuyafahamu. Kitabu kilichapwa mwaka 1990, pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Hapo twapata mafundisho mawili. La kwanza: mtu wa kazi ya kawaida anaweza kuandika jambo litakalodumu, asipoona haya kuanza. La pili: maneno yaliyokatwa vibaya humtia msomaji taabu nyingi, na si kila barua itapata mtaalamu wa kuifungua.

Basi, atakaye kuendelea katika kuandika ashike njia hizi tano.

Ya kwanza ni kusoma. Achague ukurasa mmoja wa kitabu kilichoandikwa vizuri, ausome mara mbili polepole. Kisha afunge kitabu, aandike habari ile ile kama anavyoikumbuka. Akimaliza, afungue tena na kulinganisha. Hapo ataona mwenyewe neno alilolikosea na jambo aliloliruka.

Ya pili ni kuandika kila siku. Mistari mitano yatosha: mvua iliyonyesha, bei ya unga sokoni, mgeni aliyefika. Mistari mitano ya kila siku yapita kurasa kumi za siku moja kwa mwaka.

Ya tatu ni kushika kanuni ya kuunga na kutenga maneno. Tendo pamoja na viungo vyake vya mbele huandikwa neno moja: «nitakuandikia», si «ni ta ku andikia». Lakini maneno «na», «ya», «wa», «kwa» hutengwa na jina linalofuata: «na mtoto», si «namtoto», «ya mama», si «yamama». Tena aangalie herufi, kwa maana herufi moja hugeuza neno. «Kula» ni kutia chakula kinywani, na «kura» ndiyo ipigwayo siku ya uchaguzi. «Haya» ni aibu, na «aya» ni fungu la maandiko.

Ya nne ni kusoma kwa sauti mbele ya mtu mwingine. Amsomee mke, mume, mtoto au jirani, kisha amwombe aeleze alichosikia. Jirani akieleza mambo mengine, asimkasirikie, arekebishe barua. Na mahali pumzi inapokwisha kabla sentensi haijakwisha, hapo sentensi ikatwe.

Ya tano ni kuandika upya. Barua ilale usiku mmoja, kesho isomwe kama barua ya mtu mwingine. Hata waandishi wakubwa hawakudharau kujisahihisha. Mtakatifu Agostino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alipokuwa mzee, karibu na mwaka 426 na 427, alipitia vitabu vyake kimoja kimoja, akaandika wazi mahali alipotaka kusahihisha. Ikiwa yeye hakuona aibu, mwanafunzi wa leo aone aibu ya nini?

Labda mmoja atauliza: «Niandike Kiswahili gani, kile cha nyumbani au kile kiitwacho bora?» Jibu hutoka kwa msomaji. Nyumbani Lubumbashi watu husema «batoto», na vitabu huandika «watoto». Akiandika kwa ndugu wa mji, lugha ya nyumbani haina aibu. Yav aliitumia, nayo imebaki mpaka leo. Akiandika kwa mtu wa mbali au kwa ofisi, atumie maneno ambayo mtu huyo anayajua. Mwenye nguo mbili hachomi moja. Huvaa kila moja kwa siku yake.

Basi kalamu isiogopwe, wala isichezewe. Kwa barua moja watu hupatana ama hugombana, na kwa maandiko machache wajukuu hujua babu zao waliishi namna gani.

Maswali
1. Kwa nini Petro aliitwa mwizi, naye hakuiba?
2. Ni maswali gani matano yampasa mwandishi kujiuliza?
3. Kwa nini maandiko ya André Yav yalipaswa kusomwa kwa sauti?

Zoezi
Mwulize mzee mmoja wa kijiji habari ya kazi yake ya kwanza: aliifanya wapi, mwaka gani, na alilipwa nini. Iandike kwa mistari kumi. Msomee mzee huyo mwenyewe, urekebishe kama atakavyokuambia, kisha uiandike upya kwa usafi na kuiweka.