Kabla Hujabonyeza "Jisalimisha": Adabu za Kuondoka Mapema katika Michezo ya Vita Mtandaoni



Muhula uliopita wanafunzi saba wa jumuiya yetu tulianza mchezo wa Diplomacy mtandaoni, kila mmoja kwa simu yake. Wanne tulikuwa hosteli moja, watatu walikuwa wamerudi makwao. Tulikubaliana saa 24 kwa kila awamu, ili hata asiye na bando asubuhi apate nafasi ya kutuma amri zake usiku. Mimi nilipewa Austria-Hungaria. Kufika mwaka wa pili wa mchezo, Italia alikuwa ameingia Trieste na Urusi ameichukua Budapest. Nilibaki na majeshi mawili. Nikaona hakuna maana, nikaacha kutuma amri. Sikumwambia mtu yeyote. Nilifuta programu kwenye simu nikaendelea na kazi zangu za darasa.

Baada ya wiki moja, ndugu wa mwaka wa kwanza aliyekuwa akicheza Uturuki alinisubiri mlangoni baada ya swala ya Isha. Akaniambia kwa upole, "Kaka, hukuniaga." Kisha akanionyesha ramani. Somo la leo limetoka kwenye ramani ile.

Kwanza, tuweke mipaka ya somo

Hatuandiki hapa hukumu ya michezo yenyewe. Wanazuoni wameizungumza tangu zamani, hasa kuhusu sataranji, au chesi kama wengi tunavyoiita. Wapo walioiharamisha. Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, ni makuruhu ikiwa haina kamari wala haimpitishi mtu wakati wa swala. Mwenye shaka na amuulize mwalimu wake. Somo hili ni la yule ambaye tayari ameketi mezani na wenzake: lini anaruhusiwa kuinuka, na ainuke vipi?

Kujisalimisha si kutoroka

Watu wengi huchanganya mambo mawili haya. Kujisalimisha ni kusema wazi: umenishinda, mchezo umekwisha. Kutoroka ni kuondoka kimya na kumwacha mwenzako akitazama kioo cha simu. Wahenga wamesema asiyekubali kushindwa si mshindani. Anayejisalimisha amekubali kushindwa, kwa hiyo bado ni mshindani. Anayetoroka hajakubali, ila amekimbia tu.

Katika sataranji ya mtandaoni kuna namna ya tatu, mbaya zaidi. Mtu anaona atafungwa hatua inayofuata, ana dakika kumi kwenye saa yake, basi anaweka simu chini na kumwacha mwenzake angoje dakika zote kumi. Huko ni kumwibia mtu muda wake. Tovuti ya Lichess, ambayo wanafunzi wengi huipenda kwa kuwa ni ya bure na haina matangazo, humruhusu aliyebaki kudai ushindi au sare mpinzani wake akiondoka, na humfungia kwa muda mwenye mazoea ya kuacha michezo. Lakini adabu isiyokuja mpaka adhabu itokee bado haijawa adabu.

Mkiwa wawili, uamuzi ni wako

Katika mchezo wa watu wawili, kujisalimisha mapema hakumdhulumu mtu. Mpinzani anapata ushindi wake, nyote mnapata muda wenu. Kwa wachezaji wazoefu ni heshima pia: unamwambia mwenzako kwamba unaamini anajua kumalizia kazi. Katika StarCraft, mchezo wa vita uliotoka 1998 na kupata mashabiki wengi Korea Kusini, anayeona ameshindwa huandika herufi mbili, "gg", yaani mchezo ulikuwa mzuri, kisha hutoka. Desturi ni aliyeshindwa aziandike kwanza. Mshindi akitangulia kuziandika, ni kama kumwambia mgeni wako aondoke kabla hajamaliza chai.

Hata hivyo, mtu anaweza kujidhulumu mwenyewe. Mei 1997 bingwa wa dunia wa sataranji, Garry Kasparov, alicheza michezo 6 jijini New York dhidi ya Deep Blue, kompyuta ya IBM. Katika mchezo wa pili alibanwa sana, akajisalimisha. Kesho yake wasaidizi wake walimweleza kwamba wachambuzi wameona njia iliyoonekana kumpeleka kwenye sare. Aliishia kushindwa mpambano wote kwa pointi 3.5 kwa 2.5. Hakuvunja adabu hata kidogo, bali moyo ulivunjika kabla ya ngome. Ikiwa bingwa wa dunia anaweza kusoma vibaya hali yake, wewe na mimi tunaocheza kati ya vipindi viwili tusiwe wepesi wa kusema yamekwisha.

Kwa anayejifunza, shauri letu ni asijisalimishe haraka. Acheze mpaka afungwe, aone mwenzake anavyomaliza, kwa maana hilo nalo ni sehemu ya somo. Na wewe uliyemzidi usimwandikie "jisalimishe bwana". Kumaliza mchezo ni haki yake.

Mkiwa wengi, uamuzi si wako peke yako

Hapa ndipo kosa langu lilipokuwa. Diplomacy, mchezo alioubuni Mmarekani Allan Calhamer na kuuchapisha 1959, una dola saba za Ulaya na unaanza mwaka 1901. Ramani ina vituo vya ugavi 34, na anayefikisha 18 ndiye mshindi. Hakuna dadu. Majeshi yote yana nguvu sawa, kwa hiyo jeshi moja likilivamia jeshi moja halisogei. Ili kumng'oa mtu mahali pake, lazima jeshi jingine liunge mkono uvamizi huo, na mara nyingi jeshi hilo ni la jirani. Mchezo wote unasimama juu ya kuhitajiana.

Mtu akiacha kutuma amri, majeshi yake hayaondoki kwenye ramani. Yanasimama yalipo. Hayamsaidii yeyote, na yakisukumwa yanafutwa.

Sasa tazama alichonionyesha yule ndugu. Jeshi langu moja lilikuwa Serbia. Jeshi lake lilikuwa Bulgaria. Urusi alikuwa na jeshi moja Romania, halina wa kuliunga mkono. Serbia inapakana na Romania. Kama ningetuma amri moja tu, ya kuunga mkono Bulgaria kuingia Romania, tungekuwa wawili kwa mmoja na Urusi angeng'olewa. Amri hiyo ni ya maneno machache na ingenichukua dakika moja. Sikuituma. Uturuki alivamia peke yake mara mbili, akakwama mara mbili. Italia na Urusi wakagawana vituo vyangu bila jasho, kisha wakamgeukia yeye. Ujerumani naye, ambaye hatukuwa na ugomvi wowote, alijikuta mbele ya Urusi aliyenona kwa ardhi ambayo hakuipigania.

Mimi nilidhani nimepoteza mchezo wangu tu. Kumbe niliharibu michezo sita. Hata Urusi aliyeshinda aliniambia ushindi ule haukuwa na ladha.

Na kuna jambo sikulijua wakati ule. Mchezo ukimalizika kwa makubaliano ya sare, kwa kanuni za asili wote waliosalia hugawana sare sawasawa, hata mwenye kituo kimoja. Mara nyingi jeshi moja dogo, likisimama mahali panapofaa, ndilo linalomzuia mkubwa asifike 18. Mdogo anayebaki ana thamani, na wakubwa wanalazimika kumbembeleza. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Hali ni hiyo hiyo katika michezo ya timu. Katika Age of Empires II, mchezo uliotoka 1999 na unaochezwa mpaka leo, mji wako unaweza kuwa unaungua, lakini ukiwa bado na soko na wakulima wachache unaweza kumtumia mwenzako chakula na dhahabu. Ukibonyeza kujisalimisha, msaada huo umekatika na wenzako watatu wanabaki dhidi ya wanne. Swali la kujiuliza kwenye timu si kama wewe utapona. Jiulize kama kuna anayekuhitaji bado.

Ahadi ipi?

Msomaji makini atauliza: Diplomacy si mchezo wa kuahidiana na kugeukana? Vipi tuzungumze ahadi humo ndani? Tutenganishe. Maneno ya Urusi kwa Uturuki ni ya ndani ya mchezo, na wote saba wanajua hivyo kabla ya kuanza. Asiyeridhika na hilo asijiunge, na hakuna atakayemlaumu. Lakini neno "nitacheza, nihesabuni" si la Urusi wala la Uturuki. Ni lako wewe, uliwaambia wenzako kwa jina lako. Hilo ndilo deni. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kuvunja ahadi ni katika alama za unafiki, na sijaona mahali palipoandikwa kwamba ahadi ndogo zimetolewa.

Adabu zenyewe

1. Pima kabla ya kukubali. Mchezo wa watu saba kwa awamu ya saa 24 unaweza kuchukua wiki nyingi. Tazama ratiba ya mitihani na bando lako. Kwa michezo ya papo kwa papo inayochukua saa nzima, tazama saa ya swala kwanza. Ukianza dakika ishirini kabla ya Maghrib, tayari umechagua kudhulumu upande mmoja.

2. Usiamue ukiwa na hasira. Ukipigwa pigo baya, weka simu chini. Katika mchezo wa awamu ndefu, ngoja mpaka kesho. Ramani ya asubuhi huonekana tofauti na ya usiku.

3. Waambie wenzako kabla ya kuondoka, si baada. Mkiwa wengi, omba ruhusa: "Nimebanwa na masomo, mnaonaje?" Huenda wote wako tayari kumaliza. Kwenye webDiplomacy kuna kura za kusimamisha mchezo kwa muda, kumaliza kwa sare, na hata kuufuta. Kura ya kusimamisha ndiyo dawa ya wiki ya mitihani.

4. Tafuta wa kukaa mahali pako. Mpe hali ilivyo: nani rafiki, nani adui, jeshi lipi liko wapi. Tovuti nyingi za mchezo huu huruhusu mtu mwingine kuchukua nchi iliyoachwa.

5. Ukikosa mtu, tuma amri fupi mpaka ufutwe. Dakika moja kwa siku inatosha. Hukuahidi kushinda, uliahidi kuwepo.

6. Usiondoke kwa kumpendelea mtu. Kumwachia mmoja vituo vyako vyote ili kumkomoa mwingine ni kuwaharibia wote, na hasa ikiwa sababu ni ugomvi wa nje ya mchezo.

7. Ondoka kwa neno zuri. Mpongeze aliyekushinda, mshukuru aliyekuunga mkono. Usiseme "mtandao ulikatika" kama haukukatika.

Na wanaobaki nao wana adabu zao. Mtandao wetu hukatika kweli, umeme huzimika kweli, na watu hufiwa. Kabla ya kumwita mtu mtoro, mpigie simu. Dhania mema kwanza. Huenda yuko hospitali anamuuguza mzazi huku sisi tunagombea Romania.

Hitimisho

Niliporudi chumbani usiku ule nilimwandikia kila mmoja wa wale sita kumwomba radhi. Wote walisamehe, na Uturuki akasema tutaanza tena baada ya mitihani ila safari hii nitume amri. Tumeanza. Nimepewa Italia, nimebaki na vituo viwili, na kila usiku kabla ya kulala natuma amri zangu.

Ndugu msomaji, mkiwa wawili, jisalimishe unapotaka, lakini sema. Mkiwa wengi, kumbuka kiti chako kinashikilia meza ya wengine. Ahadi ni deni, hata ikiwa ni ya kusogeza jeshi la kuchora.

Maswali ya kujadili kwenye darasa

1. Mwenzako wa timu anajisalimisha dakika ya tano kila mara akipigwa kidogo. Utamnasihi vipi bila kumfedhehesha mbele ya wengine?

2. Umejiunga na mchezo mrefu, kisha mtihani ukasogezwa mbele. Ni hatua zipi utachukua, na kwa utaratibu gani?

3. Je, kuna kazi nyingine za kundi hapa chuoni, kama utafiti wa pamoja au kamati za jumuiya, ambamo tunatoroka badala ya kujisalimisha?